Lisome yai kabla ya kununua dawa

Hotuba ya daktari wa mifugo kwa wafugaji wa kuku, Kibaha, mkoa wa Pwani

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu wafugaji, na ninyi vijana mlioziacha bodaboda asubuhi nzima mje kusikiliza habari za kuku, habari za asubuhi.

Mwenyekiti alipotangaza kwamba mada ya leo ni uzazi wa kuku, niliona watu wawili watatu wakitazamana. Naomba radhi mapema. Nitataja viungo ambavyo mbele ya wakwe huwa tunavipitia pembeni. Sina namna, maana mfugaji wa kuku wa mayai anaishi kwa viungo hivyo hivyo.

Kwenye maduka ya dawa za mifugo mtu huingia na sentensi moja: "Kuku wamepunguza kutaga, nipe dawa." Muuzaji naye hana sababu ya kukuuliza mengi. Anakupa pakiti ya vitamini, anaongeza na antibayotiki ya kuchanganya kwenye maji, unalipa, unaondoka. Hakuna aliyeuliza mayai yenyewe yakoje. Ganda limekuwa jepesi? Limekunjamana? Ute umekuwa maji? Kiini kina damu? Yai hutengenezwa kwa hatua, na kila hatua ina mahali pake mwilini na saa zake. Kwa hiyo yai lenye kasoro linakuambia kasoro imetokea wapi, na mara nyingi linakuambia hata lini. Hilo ndilo nililokuja kulisema. Mengine yote nitakayosema yanalifuata hilo.

Tuanze na ovari. Mchinje koo anayetaga, umfungue taratibu, utaikuta upande wa kushoto, juu, karibu na figo, imeshikana na uti wa mgongo. Ukitafuta ya kulia utakuta uzi tu, au hutakuta kitu. Kifaranga jike akiwa bado ndani ya yai huanza na pande zote mbili, kisha wa kulia unasinyaa wenyewe. Ndege wengi wako hivyo, ingawa baadhi ya jamii ya vipanga na mwewe hubaki na ovari mbili. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ndege anayeruka hapendi mzigo. Kuku wetu haruki mbali, lakini mwili wake bado ni ule wa mababu waliokuwa wakiruka.

Ovari ya koo inafanana na kishada cha zabibu ambazo hazikuiva pamoja. Kuna viini vitano au sita vikubwa vya njano, kila kimoja kimempita mwenzake kwa ukubwa, halafu vidogo vya manjano hafifu, halafu vyeupe vidogo vidogo ambavyo jicho linachoka kuvihesabu. Tetea anaanguliwa akiwa na maelfu ya vijiyai hivyo na haongezi kingine maishani. Kuku wa kisasa wa mayai hutaga 300 na zaidi kwa mwaka, wa kienyeji wetu 40 hadi 60, na wote wawili hufa wakiwa na akiba ambayo haijaguswa. Kwa hiyo mtu akikuuzia unga wa "kuongeza mayai tumboni", mwambie mayai yamo tele. Kinachokosekana ni kitu kingine.

Sasa jambo ambalo wengi hawalitegemei. Kile kiini cha njano hakitengenezwi kwenye ovari. Kinatengenezwa na ini. Homoni ya estrojeni kutoka kwenye ovari inaliamuru ini litengeneze mafuta na protini za kiini, damu inabeba, ovari inapokea na kujaza. Kijiyai kilichochaguliwa hujazwa kwa siku 7 hadi 10 hivi, tabaka juu ya tabaka, mpaka kiwe kile unachokiona kwenye kikaango. Maana yake kiini cha yai la leo kilianza kujazwa wiki iliyopita.

Kwanza fikirini mahindi yenye sumukuvu. Sote tunakumbuka mwaka 2016, Dodoma na Manyara, sumukuvu ilivyoua watu. Sumu hiyo inashambulia ini. Mfugaji anayenunua pumba na mahindi ya bei rahisi yaliyonyeshewa anafikiri anaokoa fedha kwenye chakula, kumbe anachoma kiwanda chenyewe cha viini. Mayai yanakuwa madogo na yanapungua, na hakuna vitamini ya dukani itakayolirudisha ini lililoharibika.

Halafu kuna dawa. Antibayotiki uliyoiweka kwenye maji Jumatatu inaingia kwenye viini vyote vitano sita vilivyokuwa vinajazwa Jumatatu hiyo. Ukiacha kuwapa Ijumaa, Jumamosi bado unakusanya mayai yenye dawa, na yatakayotagwa wiki ijayo yatakuwa nayo pia. Ndiyo sababu kwenye paketi huandikwa siku za kusubiri kabla ya kuuza. Najua wengi hamsubiri. Trei ina bei yake na mtoto ana ada. Lakini wanaokula mayai hayo ni pamoja na huyo mtoto.

Rangi ya kiini nayo haina siri yoyote. Inatoka kwenye majani na mahindi ya njano. Yai la kienyeji lina kiini cha rangi ya chungwa kwa sababu kuku yule anadonoa nyasi. Mpe wa kisasa mchicha na majani ya mlonge na wake utakolea.

Kila kiini kimo ndani ya mfuko mwembamba uliojaa mishipa ya damu, isipokuwa kwenye mstari mmoja mweupe ambao hauna mishipa. Kikikomaa, mfuko unapasuka kwenye mstari huo na kiini kinatoka bila damu. Ukipasuka pembeni kidogo ya mstari, mshipa unakatika na tone la damu linashikamana na kiini. Mama mmoja aliwahi kunirudishia trei nzima akisema mayai yana vifaranga ndani. Kuku wale hawakuwahi kumwona jogoo. Tone la damu halina uhusiano wowote na kifaranga, na yai hilo linalika.

Kiini kikishatoka hakina kinachokishika, kinaelea tu. Hapo ndipo mdomo wa mrija wa mayai unapofanya kazi. Ni mpana, laini, wenye kingo nyembamba kama hazipo, na unakikumbatia kiini na kukimeza. Hukaa nacho dakika 15 hadi 30. Kama kuna mbegu za jogoo, ni hapa tu zinaweza kuingia. Zikichelewa, ute unakwisha kukifunika kiini na mlango umefungwa.

Wakati mwingine mdomo ule unakikosa kiini. Kinaangukia ndani ya tumbo. Kikiwa kimoja na hakuna vijidudu, mwili unakifyonza kimya kimya. Vikiwa vingi, au vikiingiliwa na bakteria, tumbo linavimba, kuku anasimama wima kwa shida, na ukimfungua unakuta usaha na vipande vya kiini kila mahali. Hii naiona sana kwa kuku waliotishwa na mbwa au waliokimbizwa kizembe siku ya chanjo. Na kuna ugonjwa wa mkamba wa kuku, ule wa virusi unaowafanya wakohoe. Ukimpata kifaranga wa wiki moja au mbili, unaweza kuuharibu mrija wake kabisa. Atapona, atakua, kilemba kitakuwa chekundu, atakula kuliko wote, na hatataga yai hata moja maishani, kwa sababu viini vyote vinaishia tumboni. Mfugaji analisha kuku wa namna hiyo mwaka mzima akisubiri. Anayesema chanjo ya siku za mwanzo ni ghali apige hesabu ya chakula hicho.

Mrija mzima, kwa koo anayetaga, ukiunyoosha unakaribia sentimita 70. Kwa tetea ambaye hajaanza ni kauzi. Sehemu ndefu zaidi ni ya ute. Yai linapita humo kwa muda wa saa 3 hivi, likizunguka taratibu huku likivikwa. Kule kuzunguka ndiko kunakosokota zile kamba mbili nyeupe unazoziona kila upande wa kiini, zinazokishika katikati. Wapo wanaozitoa kwa uma wakidhani ni mbegu za jogoo. Ni ute tu uliosokotwa. Kuleni.

Baada ya hapo ni sehemu fupi inayoweka tando mbili za ndani ya ganda, saa moja na robo hivi. Kisha yai linaingia kwenye mfuko wa ganda, na hapo linakaa saa 20. Naomba tukae hapo na sisi, kwa sababu hasara nyingi za hapa Pwani zinatokea hapo.

Ganda la yai la kawaida lina uzito wa gramu 5 hadi 6, karibu lote ni kalsiamu kaboneti, chokaa kwa lugha yetu. Ndani yake kuna zaidi ya gramu 2 za kalsiamu tupu. Damu ya kuku, yote kwa pamoja, haina hata sehemu ndogo ya kiasi hicho kwa wakati mmoja. Lazima ilete, ishushe, irudi, ilete tena, usiku kucha. Na ni usiku kweli, maana ganda kubwa hujengwa kuku akiwa amelala, saa ambazo hali. Anapata wapi kalsiamu usiku? Kwanza kwenye chakula kilichobaki kwenye gole na firigisi. Ndiyo maana chokaa ya chenga chenga, au maganda ya chaza yaliyovunjwa, inafaa zaidi ikitolewa jioni. Ya unga inapita haraka. Ya chenga inakaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole mpaka alfajiri.

Chakula kisipotosha, anakopa kwenye mifupa yake. Ndege jike, siku chache kabla ya kuanza kutaga, hujaza ndani ya mifupa ya miguu mfupa wa aina nyingine, laini, ambao kazi yake ni akiba tu. Dume hana. Kuku akikopa kila usiku na harudishiwi, utamkuta asubuhi mmoja amelala kwenye kizimba, miguu haina nguvu, macho maangavu, na anakula ukimpelekea chakula mdomoni. Watu wanapiga kelele: mahepe, ule ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu! Kabla hujasema mahepe, angalia mayai ya wiki mbili zilizopita. Ganda lilikuwa linapungua? Huyo anaumwa deni.

Chakula cha kuku wanaotaga kinahitaji kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Cha tetea anayekua, asilimia 1 inatosha. Msiwape matetea wa wiki 10 chakula cha wanaotaga kwa kudhani mnawaharakisha. Kalsiamu nyingi kabla ya wakati inaharibu figo, na hilo halirekebishiki.

Lakini sikilizeni, unaweza ukawa na chokaa ya kutosha na ganda likawa jepesi bado. Mwezi wa pili hapa Kibaha joto mnalijua. Kuku hana jasho. Anajipoza kwa kuhema, mdomo wazi. Kila anapohema anatoa hewa ya kaboni, na hewa hiyo ndiyo nusu nyingine ya ganda: kalsiamu kaboneti ni kalsiamu na kaboneti. Kaboneti ikipungua kwenye damu, kalsiamu hata ikiwa ndoo nzima haina cha kushikana nacho. Kwa hiyo mayai yanayopasuka kiangazi dawa yake ni paa. Inua paa, fungua pande za banda upepo upite, wape maji ya baridi mchana, na chakula kikubwa kiwe alfajiri na jioni.

Ganda lenye mikunjo na ute uliokuwa maji, kwa mayai mengi kwa mpigo, fikirieni mkamba. Kideri pia huleta mayai ya ajabu kwa kuku waliochanjwa nusu nusu. Ganda la kahawia lililopauka ghafla mara nyingi ni hofu au ugonjwa, kwa sababu rangi hupakwa kwa wingi saa za mwisho, na kuku aliyeshtuka hutaga kabla rangi haijakamilika, au hulishikilia yai mpaka linapata vumbi jeupe la chokaa ya ziada. Viini viwili ndani ya yai moja ni kwa matetea wanaoanza, homoni bado hazijatulia, viini viwili vinatoka pamoja. Si ugonjwa. Wauzieni wapika chipsi mayai, wanayapenda.

Jambo la mwisho kwenye njia hii. Kinyesi, mkojo na yai vinatokea tundu moja, na watu husema basi yai haliwezi kuwa safi. Linaweza. Kuku anapotaga, mwisho wa mrija unajifunua nje pamoja na yai, ukipita kinyesi pembeni, kisha unarudi ndani. Yai linatoka safi, limelowa, na ule unyevu ukikauka unakuwa utando unaoziba vitundu vya ganda. Yai chafu limechafukia kwenye kiota chako. Na ukiliosha kwa maji ya baridi unaondoa utando na kuvivuta vijidudu ndani. Badilisha pumba au maranda ya kwenye kiota. Ila kule kujifunua kuna hatari yake. Tetea aliyeharakishwa kutaga akiwa mdogo anaweza kushindwa kurudisha. Wenzake wakiona kitu chekundu wanadonoa, na jioni unakuta maiti. Mtoe mapema.

Safari yote ni saa 24 hadi 26. Kiini kinachofuata hutoka nusu saa hivi baada ya yai kutagwa. Pigeni hesabu wenyewe: leo ametaga saa mbili asubuhi, kesho saa tatu, keshokutwa saa nne na kitu. Akifika mchana, homoni inayopasua mfuko wa kiini, ambayo hutolewa saa za usiku tu, inakuwa imepitwa. Anaruka siku moja, anaanza upya asubuhi. Kwa hiyo kuku mwema lazima apumzike, na kundi zuri halifiki asilimia mia. Kijana wa kazi akikuletea trei pungufu kidogo usimwite mwizi kabla ya kupiga hesabu hii.

Saa ya kuku inaongozwa na mwanga. Na hauingii kwa macho tu. Miaka ya 1930 Mfaransa Jacques Benoit alionyesha kwa bata kwamba mwanga hupenya fuvu la kichwa na kugusa ubongo wenyewe, sehemu inayoamuru homoni za uzazi. Ndege kipofu bado anajua kama mchana umerefuka. Ulaya mchana hurefuka sana wakati fulani wa mwaka na ndege wote huanza kuzaa pamoja. Hapa Kibaha mchana ni saa 12, ukizidi au kupungua ni kwa nusu saa tu. Kuku wa kisasa anataka saa 16. Kwa hiyo taa ziwake saa kumi alfajiri mpaka kupambazuke, halafu jioni mpaka saa mbili usiku. Muhimu kuliko taa yenyewe ni kutobadilisha. Leo umewasha, kesho umeme umekatika, keshokutwa umesahau: mwili wa kuku unaelewa kwamba msimu umekwisha, anaacha kutaga na kunyonyoka manyoya. Ukianza, uwe na sola ya akiba au usianze kabisa.

Na jogoo? Kwa mayai ya kuuza hana kazi. Koo hutaga bila yeye, na hamna haja ya kubishana. Kwa mayai ya kutotolesha ndiyo mwenyewe. Korodani zake mbili zimo ndani, karibu na figo, zinatengeneza mbegu katika joto la mwili la nyuzi 41, joto ambalo lingeharibu mbegu za fahali au za mwanamume. Kuku dume hana uume wa kuingiza. Anapanda, matundu yanagusana kwa sekunde chache, imekwisha. Bata ni habari nyingine. Bata dume, hata huyu wetu wa kawaida mwenye nyama nyekundu usoni, anao, na umesokotwa. Mtafiti Patricia Brennan alionyesha kwamba njia ya bata jike nayo imesokotwa kinyume chake, yenye vijichochoro visivyoendelea kokote, ili jike abaki na usemi hata akilazimishwa. Sitaendelea, wazee wanacheka.

Kuku jike pia ana usemi. Mwaka 2000 Tommaso Pizzari na Tim Birkhead walichapisha waliyoyaona kwa kuku walioachwa huru: koo akipandwa na jogoo mnyonge, asiye na cheo kwenye kundi, mara nyingi huzitoa nje mbegu zake muda huo huo. Za mkubwa anazihifadhi. Na kuhifadhi ni kuhifadhi kweli. Karibu na mwisho wa mrija kuna vijimfuko vidogo sana ambamo mbegu hukaa hai wiki 2 hadi 3, zikitolewa kidogo kidogo kila siku kupanda juu kusubiri kiini. Bata mzinga hukaa nazo zaidi ya hapo.

Hii inawahusu mnaobadilisha mbegu. Umenunua jogoo wa Kuroiler, kuku chotara mwenye mwili mkubwa, umemwondoa yule wa zamani Jumapili, Jumatano umeweka mayai kwenye mashine. Vifaranga wakitoka wembamba wa kienyeji unasema umetapeliwa. Hukutapeliwa. Mbegu za mzee bado zimo. Subiri wiki 3, ndipo ukusanye ya kutotolesha. Jogoo mmoja awe na majike 8 hadi 10.

Nani anaamua kifaranga awe tetea au pora? Kwa binadamu ni mbegu ya baba. Kwa ndege ni mama, kwa sababu yeye ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, Z na W, na dume ana Z mbili. Limeshaamuliwa kabla ganda halijawekwa. Wanaochagua mayai ya mviringo wakitafuta matetea wanacheza bahati nasibu.

Yai lenye mbegu likitagwa, ndani yake tayari kuna maelfu ya chembe hai. Kuku alilibeba siku nzima kwenye joto lake, na kazi ilishaanza. Likipoa chini ya nyuzi 20 hivi, linasimama kusubiri. Shida yetu ya Pwani ni hii: chumbani kuna nyuzi 29. Yai haliatamiwi na wala halisimami. Linaendelea kwa kuchechemea, kisha linakufa, na baada ya siku 21 unailaumu mashine. Hifadhini mahali penye nyuzi 15 hadi 18 na msipitishe wiki moja.

Kuhusu kuku wa kienyeji anayeng'ang'ania kuatamia. Tumbo lake likigusa mayai kila siku, ubongo unaongeza homoni ya prolaktini, ovari inasinyaa, manyoya ya tumbo yanapungua ili ngozi iguse mayai. Ukitaka arudi kutaga, mweke siku tatu nne kwenye tundu lenye sakafu ya waya, upepo umpite tumboni, chakula na maji tele. Wapo wanaomtoboa pua kwa unyoya. Acheni, ni mateso ya bure.

Nimepokea swali la karatasi kutoka nyuma pale, nalijibu kisha nikae. Muulizaji ana kuku jike aliyekuwa anataga vizuri, sasa amenyamaza, ameota kilemba kikubwa, na wiki hii amewika. Majirani wanasema ni mkosi, wamwite mganga.

Ndugu yangu, mwaka 1474 kule Basel, Uswisi, walimshtaki jogoo mahakamani kwa kosa la kutaga yai. Wakamhukumu, wakamchoma moto pamoja na yai lake. Yawezekana kabisa alikuwa ni jike wa namna ya wako. Kumbukeni ule uzi wa upande wa kulia. Ovari ya kushoto ikiharibiwa na ugonjwa au uvimbe, estrojeni inakatika, na kile kiuzi cha kulia kinaamka. Lakini hakiamki kuwa ovari. Mara nyingi kinakuwa kitu kinachoelekea korodani, kinamwaga homoni za kiume, na kuku anaota kilemba na kuwika. Kwamba kinachomfanya jogoo awe jogoo kinasafiri kwenye damu tulilijua tangu 1849, pale Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, alipohasi mapora sita. Wawili aliwaacha hivyo, wakawa wapole wasiowika. Wanne walibaki na korodani moja moja tumboni, iliyotenganishwa na mahali pake au iliyopandikizwa kutoka kwa mwenzake, isiyoungana na mshipa wa fahamu wowote wa awali, na wakawika na kupigana kama majogoo kamili.

Kuku wako hana pepo. Ana ugonjwa wa ovari, hatataga tena, na hakuna dawa. Kama hajakonda na hana dalili nyingine, mchinje leo jioni. Nyama yake haina tatizo. Ukimfungua, tafuta upande wa kulia, na kama kuna kitu cha ukubwa wa punje ya maharage kimeshikana na figo, niletee.